Mwimbaji Aliyeniachia Maiki

Mwimbaji mkuu wa bendi yetu aliacha kazi katikati ya keki. Harusi ilikuwa Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwenye uwanja wa shule ya msingi, na bwana na bibi harusi walikuwa wameshika kisu kimoja pamoja kama walivyofundishwa. Kazi ya bendi wakati huo ni ndogo. Mwimbaji anaimba wimbo wa keki, anafika neno la mwisho, analivuta kidogo, mpiga ngoma anagonga matoazi, kisu kinashuka, akina mama wanapiga vigelegele. Siku hiyo alifika neno la mwisho, akalivuta, na hakuliachia.

Alilivuta mpaka mpiga ngoma akateremsha mikono. Akavuta pumzi kwa pua, akaendelea na sauti ileile, haipandi wala haishuki. Bibi harusi alimtazama bwana harusi, bwana harusi akaitazama keki. Mshereheshaji, ambaye alikuwa ameajiriwa kuzuia ukimya na hakuwa amefikiria kinyume chake, alisema "Iko vizuri! Iko vizuri!" kisha naye akaishiwa maneno. Mwishowe mwimbaji akanyamaza, akasema kwenye maiki kwa adabu, "Mimi nimemaliza," akanikabidhi hiyo maiki, akachukua mkoba wake nyuma ya spika, akapanda boda na kwenda zake. Watu walimpigia makofi. Walidhani ni sehemu ya ratiba.

Mimi nilikuwa sauti ya pili. Nilisimama hatua moja nyuma yake, na kwa miaka yote ya kazi hiyo nilikuwa nimejifunza kuimba chini kidogo ya mtu yeyote ambaye watu walikuja kumsikiliza. Kiongozi wa bendi, aliyekuwa pia mpiga gitaa, alinigeukia.

"Wewe, imba."

"Mimi?"

"Kwani maiki iko kwa nani?"

Nikaimba. Kisu kikashuka. Keki ilikuwa ya vanila.

Kiongozi alitoka katika familia kama yangu, Waislamu wa Arua ambao babu zao walikuja kutoka Sudani wakiwa askari, na aliiendesha bendi kama babu hao walivyokuwa wakiendesha kambi. Tulipanga foleni kwa urefu kabla ya kupanda gari. Mwimbaji alikuwa Mkristo wa Midia, karibu na Koboko, binti wa dereva wa jeshi aliyestaafu, na tulikutana kwenye kwaya ya shule, ambako mimi Mwislamu nilikubaliwa kwa sababu walikosa sauti nzito ya kike. Urafiki wetu ulianza hivyo, kwa upungufu wa sauti nzito. Yeye ndiye aliyeniingiza kwenye bendi.

Baadaye watu walitafuta sababu ya kuondoka kwake. Wengine walisema mwanaume, wengine walisema kanisa. Mimi nilikuwepo mazoezini na ninaijua sababu, lakini kila nilipoieleza watu walirudi kwenye mwanaume. Sababu ilikuwa jenereta.

Tulifanyia mazoezi kwenye stoo nyuma ya nyumba ya kiongozi, karibu na soko, na umeme wa Arua ukiwa kama ulivyo, mara nyingi tulipigia jenereta iliyofungwa kwenye mti nje ya mlango. Siku moja mwimbaji alinyoosha mkono katikati ya wimbo.

"Mzee, jenereta naimba nota yake na sisi naimba nyingine."

Kiongozi alisikiliza. Alikuwa mwanamuziki, hakudharau jambo la nota. "Iko kweli," akasema. "Jenereta imekosea."

"Hapana, Mzee. Jenereta haibadiliki. Sisi ndiyo tumekosea."

"Kwa hiyo unataka bendi nzima ifuate jenereta?"

"Nataka tujaribu."

"Na siku umeme iko?"

Wimbo ukaendelea. Lakini tangu siku hiyo nilimwona akisimama karibu na mlango, akiimba kwa kinywa kilichofumbwa, akitafuta mahali ilipo ile sauti ya nje. Kwenye harusi ya Koboko jenereta ilikuwa nyuma ya hema letu. Neno la mwisho la wimbo wa keki liliangukia palepale. Aliniambia baadaye kwamba alipolifikia alisikia sauti mbili zikiwa moja, na akaona itakuwa ujinga kuondoka mapema.

Nilirithi gauni lake. Bendi ilikuwa na gauni moja la mwimbaji mkuu, la kitenge cha bluu chenye mabega makubwa, na mshona nguo alilitanua kila upande akinihurumia kwa sauti. Mabango hayakubadilishwa. Kiongozi alisema watu hawasomi uso, wanasoma tarehe, kwa hiyo kwa muda mrefu nilikuwa nikiimba mbele ya picha ya mtu mwingine. Wageni walinifuata baada ya kazi na kuniuliza, kwa upole, kama yule mwenzangu anaumwa. Mwanzoni nilieleza. Baadaye nilisema anaendelea vizuri, asante, na walifurahi kusikia hivyo.

Msimu wa mvua ulipoanza, harusi zilipungua, na kiongozi akanituma Midia kumwomba arudi. Hakusema "kuomba." Alisema, "Nenda mwambie bendi iko."

Nilimkuta shambani kwa mama yake akipalilia karanga. Mama yake alinikaribisha kwanza, akanipa kiti, akanieleza matatizo yake kabla sijauliza.

"Mtoto yangu, rafiki yako nakwenda kwa mashine ya kusaga kila siku. Nafikiri, vizuri, nasaga unga. Hapana! Naimba na mashine. Watu nakuja na muhogo yao, nakuta yeye naimbia mashine, narudi nyumbani. Mwenye mashine amekuja hapa kulalamika."

"Alisemaje, Mama?"

"Alisema aimbe wakati mashine imezimwa. Yeye akasema imezimwa haina faida."

Mwimbaji alitoka shambani, akanawa mikono, akanisalimu kama tulioachana jana. Nilitoa ujumbe. "Bendi iko," nikasema.

"Najua iko," akasema. Kisha akaniingiza chumbani, akafungua laptopu ambayo nusu ya vitufe vyake ilikuwa imefutika herufi, akanivisha spika za masikioni.

Nilisikia mashine ya kusaga. Nilisikia mkanda wake ukipiga, na chini ya mkanda sauti yake, halafu sauti yake nyingine juu, na nyingine, mpaka kukawa na wanawake wengi waliokuwa yeye tu. Hakukuwa na maneno. Palipotakiwa kuwa na kiitikio mtu fulani aliuliza kama foleni inaanzia hapa. Kisha ikaisha.

Sikuipenda. Niliomba kuisikiliza tena ili niwe na hakika. Mara ya pili pia sikuipenda, ila nilipotoa spika masikioni chumba kilikuwa kimya kupita kilivyokuwa kabla, na hilo lilinikera.

"Kwa nini siku ile ulinipa mimi maiki?" nikamwuliza. Nilikuwa nimebeba swali hilo tangu keki. Nilikuwa nimejiandalia majibu kadhaa, yote mazuri.

"Ulikuwa karibu," akasema.

Halafu akaniomba kitu. Alikuwa anatengeneza wimbo wa simu. Midia iko karibu na mpaka, na simu za huko hazijui ziko wapi. Unapalilia karanga kwenye shamba la mama yako, simu inalia mfukoni, unaitoa, inakukaribisha Kongo. Unahamia upande wa pili wa shamba, inakukaribisha Sudani Kusini. Kumpigia mtu wa Arua unapanda kwenye kichuguu na kusema halo mpaka mmoja wenu achoke. Alikuwa ameshawarekodi majirani wakisema halo, na mwalimu, na katekista, na mama yake, ambaye alisema halo kama mtu anayefukuza mbuzi.

"Wewe sema halo," akaniambia, "kama netiweki imekatika na hapana jua kama mutu bado iko."

Mama yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alikuwa akiuza vitenge kati ya Arua na Koboko, na simu yake ndogo ilikuwa haizimwi. Baada ya mazishi nilikuwa nikipiga namba yake. Sikutarajia kitu, nilipiga tu, kama mtu anavyoangalia kama mlango umefungwa. Ilikuwa imezimwa, imezimwa, imezimwa. Siku moja ikapokelewa na mwanaume.

"Halo?" akasema.

"Halo, naomba Mama."

"Mama hapana iko hapa, dada. Hii ni namba yangu, nimenunua juzi." Alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu, nilisikia watu wakimwuliza bei. Hakukasirika. Akaniuliza, "Kuna ujumbe?"

Nikasema hakuna. Sikumwambia mtu yeyote habari hiyo, hata mume wangu.

Basi mle chumbani Midia, mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye kopo la maziwa, nilisema halo. Nilisema mara kadhaa. Mwimbaji alikuwa ameinama juu ya laptopu na hakuniangalia, jambo ambalo nilimshukuru. Alipomaliza akasema tu, "Imeingia." Tukala karanga za kuchemsha, nikarudi Arua, nikamwambia kiongozi kwamba anasalimu.

Onyesho lake la kwanza lilikuwa Arua, kwenye ukumbi unaokodishwa kwa semina. Walikuja jamaa zake kutoka Midia, mchungaji wake, wanafunzi fulani waliovaa kofia za sufi kwenye joto, na mimi na mume wangu. Kiongozi wa bendi alikuja pia. Alikaa mstari wa mbele, mikono kifuani, kofia yake ya Hajji magotini.

Mwimbaji alipoanza kucheza sauti za mashine, fundi wa spika alipanda jukwaani kuangalia waya. Mwimbaji akamwambia ziko salama. Fundi akashuka, akasikiliza, akapanda tena. Mara ya tatu hakushuka, alikaa pembeni ya spika akiwa ameishika, kama anavyoshikwa mgonjwa. Kwenye wimbo wa mwisho umeme ulikatika. Watu walipiga makofi kwa nguvu, na wanafunzi wale walisimama. Mwimbaji hakuacha kuimba. Alimaliza wimbo gizani bila chombo chochote, na kwa mara ya kwanza jioni ile nilisikia jinsi sauti yake ilivyokuwa nzuri, na nikaona wivu wa kawaida kabisa, wa zamani, kama wa kwenye kwaya.

Nje, kiongozi alimpa mkono. Sote tulisogea kusikia.

"Sauti ya jenereta uliweka vizuri," akasema.

"Ile ilikuwa mashine ya kusaga, Mzee."

"Hiyo pia." Akavaa kofia, akaondoka. Kwa kadiri ninavyojua hakuwahi kumsifu mtu mwingine.

Kilichofuata kililetwa na redio. Mtangazaji wa kipindi cha asubuhi, kijana aliyekuwa amechoka na nyimbo zilezile, aliucheza wimbo wa simu bila kutanguliza maelezo. Wimbo unaanza na halo moja ya mwanamke, peke yake, halafu kimya, halafu halo nyingine. Wasikilizaji walipiga simu studioni. Hawakupiga kusifu wala kulaumu, walipiga kujibu. "Halo, tunakusikia," walisema. Mzee mmoja wa Koboko alisema kwamba huyo dada asogee mahali penye netiweki, kuna mti karibu na njia panda ambapo inashika. Mtangazaji aliucheza tena kesho yake, na wakapiga tena, ingawa sasa walijua. Ndani ya majuma machache watoto wa shule walikuwa wakiamkiana kwa halo, na waendesha boda, na wauza mkaa. Niliponunua nyanya, muuzaji aliniambia "Halo?" kwa sauti ya mashaka, nikaelewa kwamba ananiiga mimi bila kunijua.

Maana halo ile ya kwanza ilikuwa yangu. Kati ya majirani wote, na katekista, na mama yake, alikuwa ameniweka mimi mwanzo.

Harusini vijana walianza kuudai wimbo huo. Kiongozi alikataa kwa msimu mzima, kisha akasema wimbo ni wimbo, tukafanya mazoezi. Mpiga ngoma aliiga mkanda wa mashine kwa brashi. Mpiga besi alikuwa netiweki: akiacha kupiga, imekatika. Ilitoka vizuri kuliko tulivyostahili. Tuliupiga mara ya kwanza kwenye harusi ya mwalimu mmoja hapa Arua, na watu walicheza, wakasimama ghafla besi iliponyamaza, wakacheza tena, wakicheka kama watoto. Nilitoa halo zangu zote, kwa moyo, ndani ya gauni la bluu.

Tulipokuwa tunafunga vyombo, shangazi wa bibi harusi alinifuata. Alikuwa Hajati mwenye sura njema, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Binti, umeimba vizuri sana."

"Asante, Hajati."

"Lakini ile halo ya redio, ya yule mwanamke mwenyewe, iko na kitu ndani. Yako bado." Akanipigapiga mkono. "Bado kidogo tu."

Nikamshukuru. Kiongozi, aliyekuwa anakunja waya karibu nasi na alijua vizuri ile sauti ni ya nani, alisema, "Fanya mazoezi." Hakuinua uso. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Nilimpigia mwimbaji simu kumweleza. Alicheka mpaka netiweki ikakatika.

Kampala walimwita. Alikaa huko karibu mwaka, kwenye chumba cha binamu yake, na alifanya maonyesho mahali ambapo watu huja wamekwisha kumwelewa. Waandishi walimwuliza mashine ya kusaga ina maana gani. Alisema ni mashine ya kusaga, iko Midia, na wao wakaandika kurasa. Akaitwa Ulaya. Alinitumia ujumbe wa sauti kutoka ukumbi fulani wa huko, akinong'ona: "Dada, hawa watu wamekaa kama wako matanga. Hapana mutu nakohoa. Nimekosea nini?" Ujumbe uliofuata ulisema hawakuwa wamekasirika, hiyo ndiyo furaha yao, baadaye walimletea maua.

Albamu ya pili aliitengeneza kwa muhogo. Watu wa kwao hukausha vipande vya muhogo juu ya mawe makubwa, na yeye aliweka vinasa sauti kati ya vipande hivyo, kuanzia asubuhi, akarekodi ukikauka. Alisema muhogo unapokauka unaongea, ila polepole. Kampala waliisifu. Mtangazaji wetu aliicheza mara moja na wasikilizaji walipiga simu kusema redio imekufa. Mama yake aliisikiliza yote, mikono mapajani, kwa heshima, kisha akasema hiyo amekuwa akiisikia bure maisha yake yote.

Hapakuwa na ugomvi wala aibu. Mialiko ilipungua, ndiyo yote. Alirudi, akapanga chumba Koboko mjini, na redio ikampa kazi ya kuimba matangazo ya afya kwa sababu maneno yake yanasikika wazi. Yeye ndiye anayewaambia akina mama wa Koboko walete watoto kwenye chanjo na wafunike maji ya kunywa. Mkunga mmoja aliniambia akina mama huja wakimwigiza. Nilimwuliza kama kazi hiyo inamuumiza.

"Iko kazi nzuri," akasema. "Watu nafanya kile ninachoimba. Kwenye muziki haijawahi kutokea."

Bado anarekodi. Juzijuzi alinichukua kwenda Kuluba, nje ya mji wa Koboko, kwa wanawake wanaolima kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Alitaka sauti ya majembe na nyimbo zao za kazi. Tulifika asubuhi, akasambaza vinasa sauti pembeni ya shamba, akawaomba waimbe kama kawaida. Wanawake walishauriana. Mkubwa wao, mwanamke mrefu mwenye kitambaa chekundu, akaja kutupa uamuzi.

"Zetu tunaimba kila siku, tumechoka nazo. Wewe," akaninyooshea jembe, "si uko ya ile bendi? Uliimba kwa harusi ya mtoto yangu. Imba ile ya kuingia ukumbini."

Nilimtazama mwimbaji. Alinyanyua mabega. Nikavua viatu kwa sababu ya matope, nikauimba wimbo wa kuingia ukumbini katikati ya shamba la mtama, bila ngoma, bila maiki, bila gauni. Wanawake waliweka majembe begani na kuanza kuingia kwa mwendo wa maharusi, wawili wawili, wakifuata matuta, nyuso zimekazwa kwa heshima, halafu mmoja akacheka na foleni yote ikaanguka. Nikaendelea. Niliuimba mpaka mwisho na kuurudia. Napenda nyimbo za harusi. Nilizipenda hata nilipokuwa hatua moja nyuma, na sijawahi kuona sababu ya kuziacha, na sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kumwambia mtu jambo hilo. Nilimwambia yeye pale, nikiwa bado nahema.

"Najua," akasema. Alikuwa amechuchumaa na spika masikioni, anasikiliza alichonasa. Alisikiliza muda mrefu. Wanawake walirudi kulima.

"Vipi?" nikamwuliza.

"Iko nzuri sana," akasema, akizitoa. "Haina kosa hata moja. Siwezi kuitumia."

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye tuta. Wale wanawake wakatuletea chai na viazi vitamu, na kwa kuwa tulikuwa tumewapotezea muda, tukapewa majembe mawili, tukalima nao mpaka jua likawa kali.